Santuri Kuu za Roki na Mizani ya Nyumbani

Utangulizi

Taifa hupimwa kwa mambo mawili: namna linavyotunza kilicho chake, na namna linavyopokea kilicho cha wengine. Jambo hili Mwalimu Julius Nyerere alilieleza mbele ya Bunge mwezi Desemba 1962, alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Aliwasikitikia wale waliojua kucheza rumba, chachacha, twisti na rokinroli, lakini hawakupata kucheza gombesugu wala lelemama. Katika hotuba iyo hiyo alionya kwamba taifa lisilotaka kujifunza chochote kutoka kwa wengine ni taifa la wapumbavu. Aghalabu watu hukumbuka sehemu ya kwanza ya maneno hayo, na ya pili wakaiacha. Ndiyo maana mwishoni mwa mwaka 1969 ilionekana kuwa dawa ni kupiga marufuku muziki wa soul katika kumbi za Dar es Salaam. Marufuku huziba mlango wa ukumbi, lakini hayafundishi sikio.

Leo milango haizibiki tena. Mwanafunzi wa sekondari hapa Mlali, wilayani Kongwa, anaweza kusikiliza kwa simu muziki wowote uliopata kutiwa katika santuri. Pamoja na muziki huo humjia orodha za santuri zinazosemwa kuwa ni lazima kila mtu azijue, hasa za roki nzito na za ile roki iliyojiita ya kusonga mbele, ambazo zilitoka kati ya mwaka 1967 na mwaka 1980 hivi. Orodha hizo zimetungwa Uingereza na Marekani. Vijana wetu huzipokea kama walivyokuwa wakipokea imla darasani: wanaandika kila neno, hawaulizi kitu. Wazee nao husikia gitaa likinguruma wakasema ni kelele za wahuni, kisha wakaondoka. Makundi haya mawili yana kosa moja. Hakuna hata moja lililosikiliza na kupima.

Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba sisi wa nyanda hizi za kati tunayo mizani ya kuipimia roki, na kwamba mizani hiyo hatukuiazima popote. Tutaanza kwa kueleza santuri ndefu ni kitu gani, kisha tutalinganisha sauti ya gitaa la roki na sauti ya ilimba ya Wagogo, tuzipime santuri chache za ng'ambo, na mwisho tuwaangalie wale ambao twaweza kusema ni wetu.

Santuri ndefu na umbo lake

Santuri za zamani zilizunguka mara 78 kwa dakika, na kila upande ulichukua wimbo wa dakika tatu hivi. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa santuri ndefu, yenye kuzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika, ambayo kila upande wake uliweza kuchukua muziki wa dakika ishirini na zaidi. Kwa muda mrefu watengenezaji waliitumia kama kapu: walitia ndani nyimbo kumi au kumi na mbili zisizohusiana. Katika miaka ya 1960 wanamuziki walianza kuiona santuri nzima kuwa utungo mmoja, wenye mwanzo, kati na mwisho. Hapo ndipo albamu ilipoacha kuwa kapu ikawa diwani, na mara nyingine ikawa utenzi.

Roki ya kusonga mbele ni matunda ya badiliko hilo. Mwaka 1972 bendi ya Yes ya Uingereza ilitoa Close to the Edge, ambayo upande wake wa kwanza wote ni wimbo mmoja wa dakika 18. Mwaka huo huo Jethro Tull walitoa Thick as a Brick, ambayo ni wimbo mmoja tu, uliokatwa katikati kwa sababu msikilizaji hana budi kuigeuza santuri. Wakosoaji wa huko walishangaa, wengine wakacheka. Mtu aliyelelewa katika tenzi hana sababu ya kushangaa. Bibi na babu zetu wa pwani walisikiliza beti mia kwa mia usiku mmoja, na ngoma za Ugogo hazikatwi kwa saa ya ukutani. Iliyokuwa ngeni kwetu ni ile santuri ya dakika tatu, na ndiyo iliyotufanya tudhani kwamba wimbo ni lazima uwe mfupi.

Mvumo wa ilimba na mvumo wa gitaa

Lawama kubwa inayotolewa dhidi ya roki nzito ni kwamba sauti yake si safi. Gitaa hukwaruza na kuvuma kama kitu kilichopasuka. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, kwa kuwa mara nyingine kilipasuka kweli. Mwaka 1964 Dave Davies, mpiga gitaa wa The Kinks, aliikata kwa wembe karatasi ya spika yake ili sauti itoke imechanika, na ndiyo inayosikika katika You Really Got Me. Baadaye vilitengenezwa vyombo vidogo vya kukanyaga kwa mguu vilivyofanya kazi hiyo bila wembe.

Sasa natuitazame ilimba. Fundi wa Kigogo huchonga sanduku la mti, akapanga juu yake vijiti vya chuma, vifupi na virefu. Kisha hutoboa tundu katika sanduku na kuliziba kwa utando mwepesi wa buibui. Kijiti kinapopigwa, utando hutetemeka, na sauti hutoka ikiwa na mvumo juu yake. Ukiuondoa utando huo utapata sauti safi, na fundi atakuambia kwamba ilimba yako imekufa. Zaidi ya hayo, katika ilimba kubwa vipo vijiti ambavyo mpigaji havigusi kabisa. Vimewekwa viitike vyenyewe wenzao wanapopigwa, na kuizungushia sauti moja jamii ya sauti nyingine.

Wembe wa Davies na utando wa buibui, basi, vinafanya kazi moja. Wote wawili, kijana wa London na fundi wa Ugogo, wameona kwamba sauti iliyopita bila kuguswa na kitu haitoshi kubeba uzito wa moyo. Tofauti ni kwamba fundi wetu aliijua siri hii kabla ya umeme.

Ulinganisho huu hauishii hapo. Kila sauti kubwa ina sauti ndogo ndani yake, ambazo hufuata mpango wa maumbile. Wataalamu waliochunguza uimbaji wa Wagogo wameeleza kwamba ngazi yao ya sauti hufuata mpango huo, na waimbaji huenda sambamba kwa kuachana nafasi nne au tano. Mpiga gitaa wa roki nzito naye, anapolichanua gitaa lake kwa umeme, hulazimika kuacha sauti nyingi alizofundishwa, akabaki na sauti ya kwanza na ya tano. Akizidisha, mvumo huvuruga kila kitu na muziki huwa uji. Hivyo chombo chenyewe humrudisha mahali ambapo waimbaji wa Ugogo walikuwako tangu zamani. Mwanafunzi aliyewasikia kina mama wakipiga muheme na kuitikiana kwa sauti zilizopangwa juu ya nyingine ameandaliwa vizuri sana kusikiliza roki, kuliko anavyodhani mwenyewe.

Mizani tatu

Tunapendekeza kwamba santuri yoyote, iwe ya kwetu au ya wageni, ipimwe kwa mizani tatu. Ya kwanza ni sauti: je, mwanamuziki amepata mlio alioutafuta, au ameazima mlio wa mwenzake? Ya pili ni umbo: je, sehemu zinategemeana, hata ukiondoa moja utaona pengo? Ya tatu ni kauli: je, kazi hii inasema neno linalomhusu mtu anayeishi, au ni mapambo matupu? Santuri yenye sifa zote tatu inastahili kuitwa kuu. Yenye mbili ni nzuri. Yenye moja tu yaweza kuchezewa, lakini darasani haina kazi.

In the Court of the Crimson King ya King Crimson, iliyotoka mwaka 1969, huhesabiwa na wengi kuwa mlango wa roki ya kusonga mbele. Wimbo wake wa kwanza unapitisha hata sauti ya mwimbaji katika mvumo wa kukwaruza, na jambo hilo lina maana, kwa kuwa wimbo wenyewe ni kilio juu ya karne ya vita, katika miaka ambayo Vietnam ilikuwa ikiteketezwa. Hapo sauti na kauli ni kitu kimoja. Baadaye santuri inaingia katika mambo ya wafalme na majumba ya kale, na hapo kauli inalegea, ijapokuwa sauti inabaki nzuri.

Santuri ya nne ya Led Zeppelin, ya mwaka 1971, inatufundisha jambo lingine. Katika When the Levee Breaks, ngoma za John Bonham zilipigwa katika ukumbi wa kuingilia wa nyumba kubwa ya shamba, na vinasa sauti vikaning'inizwa juu ya ngazi ili vinase pia mwangwi wa kuta. Hapo ngoma haikupambwa. Ilipewa mahali pa kuishi. Mtu wa Mlali anaelewa vema kwamba ngoma ya uwanjani na ngoma ya chumbani si ngoma moja. Aidha, wimbo huo haukuzaliwa Uingereza. Ulirekodiwa kwanza mwaka 1929 na Memphis Minnie na Kansas Joe McCoy, Wamarekani weusi, ukihusu mafuriko ya mto Mississippi ya mwaka 1927. Jina la Memphis Minnie liliandikwa katika santuri hiyo, kama ilivyostahili. Haikuwa hivyo kila mara: Willie Dixon, mtunzi mkubwa wa bluzi, ilimbidi afungue mashtaka mwaka 1985 kwa ajili ya Whole Lotta Love, ambao Led Zeppelin waliutoa mwaka 1969, ndipo wakapatana mwaka 1987 na jina lake likaongezwa. Mwalimu awaeleze wanafunzi habari hii bila kuificha. Roki nzito ina mzizi uliovushwa bahari kwa minyororo, na mara nyingi waliovuna si waliopanda. Sisi wenyewe tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ngoma za vijijini zingali zikichukuliwa bila jina la mtu.

The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, ya mwaka 1973, twaona ndiyo iliyo karibu zaidi kutimiza mizani zote tatu. Inaanza kwa mapigo ya moyo yaliyofanywa kwa ngoma kubwa, na inaisha kwa mapigo hayo hayo. Nyimbo zake zimeungana bila kituo katika kila upande, na maudhui yake ni yale ambayo tenzi zetu za mawaidha hazikuacha kuyagusa: wakati unaopita, fedha inayopofusha, wazimu na mauti. Wanamuziki hao waliwauliza watu wa kawaida maswali, akiwamo bawabu wa studio, wakanasa majibu yao na kuyaweka katikati ya muziki. Ngoma ya kwetu nayo haimkatazi mtazamaji kutia neno. Msomaji wa Al-Inkishafi, ambaye ameyaona majumba ya Pate yakiwa magofu, ataisikiliza santuri hii akiwa nyumbani. Akishakuisikiliza anaweza pia kuuliza, kwa haki kabisa, kwa nini mshairi wa Pate anaonyesha njia ya kutokea na hawa wa London wanamwacha mtu gizani.

The Lamb Lies Down on Broadway ya Genesis, ya mwaka 1974, ni santuri mbili zenye kisa cha kijana aitwaye Rael katika mji wa New York. Wengi huitaja kuwa kilele. Kwa mizani yetu haifiki. Sauti ni tajiri na mwimbaji, Peter Gabriel, ana kipaji kikubwa, lakini kisa kinafungwa fundo juu ya fundo hata msikilizaji akapoteza uzi. Mtunzi wa utenzi hufanya kazi mbele ya watu walioketi, wakipotea, anawaona. Mtunzi wa santuri hana nyuso mbele yake, na hapa hasara hiyo inaonekana wazi. Huyu Peter Gabriel tutakutana naye tena.

Walio wetu, na namna walivyo wetu

Swali linalofuata ni hili: je, katika orodha ya santuri kuu kuna kitu chetu? Vijana hujibu haraka kwa kumtaja Freddie Mercury wa Queen. Ni kweli kwamba Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, katika jamaa ya Waparsi, akasomeshwa India, na jamaa yake ikahamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Ni kweli pia kwamba A Night at the Opera, ya mwaka 1975, ni kazi kubwa. Katika Bohemian Rhapsody watu watatu, Mercury, Brian May na Roger Taylor, waliziimba sauti zao juu ya sauti zao mara nyingi mno, mpaka watatu wakawa umati. Wakosoaji wa Ulaya hulitaja jambo hili kama muujiza wa studio. Sisi twaweza kuongeza kwamba waimbaji wa Ugogo huufikia umati wa namna hiyo kwa njia fupi, yaani kwa kuwa umati.

Hata hivyo, tusijidanganye. Katika santuri hiyo hatusikii taarabu ya Unguja wala msewe wa Pemba. Kuzaliwa mahali ni heshima kwa mahali hapo, lakini si utunzi. Mwalimu anayemtaja Mercury ili wanafunzi wajivune tu amewapa fahari isiyowagharimu kazi. Amtaje ili wamsikilize.

Wa pili ni bendi ya Sunburst. Hii iliundwa Dar es Salaam mwaka 1970, ikiwa na vijana wa zaidi ya nchi moja ya Afrika, wakiwamo mwimbaji James Mpungo na mpiga gitaa Hembi Flory Kongo. Walianza kwa kupiga nyimbo maarufu za kigeni, kama zilivyofanya bendi nyingi za vijana wa mjini, kisha wakatafuta mlio wao wenyewe. Walichukua gitaa lenye mvumo wa roki, wakalipandisha juu ya mapigo ya Kiafrika, wakaimba kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Mwaka 1973 walirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na mwaka 1976 wakatoa santuri ndefu, Ave Africa, nchini Zambia. Wimbo wao Enzi za Utumwani unaonyesha kwamba mvumo wa gitaa waweza kubeba historia yetu bila kuuazima uchungu wa mtu mwingine. Kwa mizani ya sauti na ya kauli, Sunburst wanasimama. Kwa mizani ya umbo, Ave Africa bado ni kapu jema kuliko kuwa diwani: nyimbo zake ni nzuri moja moja, na mpangilio wake haukuzilazimisha zishikamane.

Kwa nini Zambia? Tanzania ya miaka hiyo haikuwa na kiwanda cha kuchapia santuri. Bendi zetu zilirekodi redioni, na santuri zikachapwa Nairobi. Zambia nayo ilikuwa na vijana wengi wenye magitaa ya umeme, kama WITCH, waliotoa Lazy Bones!! mwaka 1975, na Rais Kenneth Kaunda alikuwa ameagiza redio ya nchi yake iupe muziki wa Kizambia nafasi kubwa zaidi. Ave Africa ilisahauliwa kwetu kwa miaka arobaini, hata kampuni ya Strut ya London ilipoitoa tena mwaka 2016 pamoja na zile kanda za redio. Maana yake ni kwamba kijana wa Dodoma akitaka kusikia roki iliyotungwa Dar es Salaam, inampasa aipate kwa njia ya London. Hili ni jambo la kutafakari kuliko kelele zozote za gitaa.

Wa tatu ni Hukwe Zawose, Mgogo wa mkoa huu wetu. Aliifunzwa sanaa na baba yake, akachunga ng'ombe, na baada ya Uhuru Mwalimu Nyerere akamwita Dar es Salaam. Baadaye alifundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo kwa miaka mingi, na huko Bagamoyo ndiko alikofariki mwezi Desemba 2003. Yule Peter Gabriel, ambaye aliondoka Genesis mwaka 1975, alianzisha mwaka 1989 kampuni ya santuri iitwayo Real World. Kampuni hiyo ndiyo iliyotoa Chibite ya Zawose mwaka 1996, na mwaka 2002 ikatoa Mkuki wa Rocha, aliyoifanya pamoja na Charles Zawose, na Assembly, aliyoifanya na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook. Mwaka huo huo wa 2002 Hukwe na Charles walimtangulia Gabriel jukwaani katika safari yake ya Marekani. Ilimba ya Ugogo, yenye utando wake wa buibui, ikapigwa mbele ya watu waliolelewa katika roki ya kusonga mbele.

Assembly inatupa nafasi nzuri ya kutumia mizani yetu, kwa kuwa humo gitaa na ilimba vimekutana uso kwa uso. Brook ndiye aliyebuni gitaa ambalo sauti yake haikatiki, bali huendelea kama ya zeze linaposuguliwa kwa uta. Pale anapoliweka gitaa hilo chini ya sauti ya Zawose, kama ardhi chini ya mguu, kazi ni nzuri mno, na msikilizaji hajui zeze limeishia wapi na umeme umeanzia wapi. Pale mapigo ya kupimwa sawasawa yanapotawala, ilimba inapoteza pumzi yake, kwa kuwa mapigo ya Kigogo huvuta na kulegeza kama mtu anayetembea mlimani. Kwa sababu hiyo twaiweka Chibite juu ya Assembly. Katika Chibite hakuna kinachomfunga. Sauti inashuka chini kabisa kama ya mzee barazani, inapanda juu kama ya mtoto malishoni, na vyombo vinamfuata. Sauti anayo, umbo analo, kauli anayo. Tunasema bila kusita kwamba mwanafunzi anayetafuta santuri kuu aiweke hii kando ya The Dark Side of the Moon, azisikilize zote mbili, kisha aone kama yoyote inaionea haya nyenziye.

Kuna watakaouliza kama si usaliti kwa ilimba kuketi na gitaa la umeme. Jibu lao tunalo hapa hapa Dodoma. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917 katika nchi ya Wagogo na kufariki mwaka 1969, aliandika historia na mila za Wagogo, na papo hapo akauchukua ushairi wa pwani, ambao haukuwa wa mababu zake, akauzoea hata akaupa taifa bahari ya ngonjera. Hakuna mtu aliyesema kwamba ameuacha Ugogo. Alijua chake, akajifunza cha jirani, akaongeza kisichokuwapo. Hiyo ndiyo maana kamili ya maneno ya mwaka 1962, nusu zote mbili.

Wajibu wa mwalimu na wa mwanafunzi

Tungependa walimu wa Kiswahili, historia na sanaa walifanye jambo hili kuwa somo. Halihitaji fedha nyingi. Simu moja na spika moja vinatosha, na kwa upande wa ilimba hata hivyo si lazima, maana mafundi wangaliko vijijini. Mwalimu amwalike fundi darasani, apige ilimba yenye utando, kisha auondoe utando na kupiga tena, wanafunzi waeleze kwa maneno yao wamesikia nini. Baada ya hapo awasikilizishe gitaa la roki nzito na kuwauliza swali lile lile. Siku nyingine wasikilize upande mzima wa santuri bila kuukata, kama wanavyosoma utenzi bila kuruka beti, na kila mmoja aandike hukumu yake kwa mizani tatu. Hukumu isiyo na sababu isipewe alama, hata ikiwa ni ya kusifu ngoma ya nyumbani.

Tunalisisitiza hilo la mwisho kwa sababu kasumba ina sura mbili. Iko ya mtu anayesifu kila cha Ulaya kwa kuwa ni cha Ulaya, na iko ya mtu anayesifu kila cha kwetu kwa kuwa ni cha kwetu, huku hajaketi kukisikiliza hata siku moja. Zote mbili ni uvivu wa sikio. Hukwe Zawose hakuhitaji huruma ya namna hiyo, na vijana wa Sunburst hawakuiomba.

Neno letu kwa wanafunzi tunalitia katika ubeti huu:

Ilimba ni ya nyumbani, gitaa limealikwa,
Waketi wote jamvini, asiwepo wa kuzikwa,
Masikio mizanini, ndipo haki huandikwa,
Na aliye na thamani, hata kesho hukumbukwa.

Limebaki jambo la vyombo vya taifa. Kanda za Radio Tanzania za miaka ya 1960 na 1970 ni hazina ambayo bendi zetu ziliiacha mikononi mwa umma. Yafaa zisikike mashuleni kabla hazijachakaa, na kabla ya kampuni nyingine ya ng'ambo kutuuzia sauti zetu. Orodha ya santuri kuu wataendelea kuitunga wale wenye kusikiliza, kutunza na kuandika hukumu zao. Mwanafunzi wa Mlali anayo masikio na anayo lugha. Aanze na ilimba ya kijijini kwake, kisha aendelee mpaka atakapofika.